Uzi: Bata mwitu mwenye pete mguuni au redio mgongoni, na namna ya kumtambua kabla ya kumtolea taarifa

Mlinzi wa Madimbwi, Nairobi (mwanzisha uzi)

Salamu kwenu nyote. Nimeona heri niuanzishe uzi huu sasa, wakati bata wahamiaji kutoka kaskazini wameanza kutua Naivasha, Ol Bolossat na kwenye madimbwi ya majitaka ya Dandora kule Ruai. Kila msimu husambaa picha za ndege aliyenaswa au kuokotwa akiwa na kipande cha chuma mguuni, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye ubishi juu ya jina lake, ilhali namba iliyochongwa kwenye chuma hicho haijasomwa na mtu yeyote.

Chuma hicho ni pete ya alumini. Ina namba ambayo hakuna ndege mwingine aliyevishwa, pamoja na anwani fupi ya taasisi iliyoitoa. Kazi hii ya kuvisha ndege pete zenye namba na anwani ilianzishwa na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliyewavisha kwezi pete za alumini katika mji wa Viborg mwaka 1899. Miaka kumi baadaye, mwezi Agosti 1909, Jack Miner wa Kingsville, Ontario, alimvisha bata mmoja pete aliyoitengeneza mwenyewe, na Januari 1910 bata huyo akapigwa risasi Carolina ya Kusini. Aliyempiga alikuwa daktari, naye alichukua hatua ya kuandika barua. Ninaisisitiza barua hiyo kwa sababu bila yake Miner asingejua lolote: pete ingebaki mfukoni mwa mtu na safari ya ndege yule ingepotea.

Mwaka 1920 serikali ya Marekani ilimkabidhi Frederick Lincoln mpango wake wa kuvisha ndege pete. Kutokana na taarifa za wawindaji, Lincoln alitambua kwamba ndege wa Amerika Kaskazini hufuata njia kuu nne wanapohama, na njia hizo ndizo msingi wa kanuni za uwindaji za huko hadi leo. Lakini kwangu mimi jambo lake kubwa zaidi ni hesabu aliyoieleza mwaka 1930, nayo ningependa tuifuate polepole. Tuseme bata 5,000 wamevishwa pete, na katika msimu wa kwanza pete 600 zimetolewa taarifa na wawindaji. Hiyo ni asilimia 12. Ikiwa tunajua kwamba wawindaji wote kwa jumla wameua bata milioni 5, na ikiwa bata wenye pete hupatwa na risasi sawa na wenzao wasio na pete, basi milioni 5 ni asilimia 12 ya bata wote, na bata wote ni kama milioni 42.

Sasa angalieni kinachotokea watu wanaponyamaza. Tuseme ni mwindaji mmoja tu kati ya watatu anayetoa taarifa. Pete zilizopatikana kwa kweli si 600 bali ni 1,800, yaani asilimia 36, na bata wote si milioni 42 bali ni chini kidogo ya milioni 14. Tungekuwa tumejihesabia bata mara tatu ya waliopo, na mtu angeruhusu uwindaji kwa kutegemea ndege wasiokuwapo. Hili si jambo la kubuni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba takribani theluthi moja tu ya pete za bata aina ya mallard waliouawa na wawindaji wa Marekani ndizo zilizotolewa taarifa. Walilijuaje hilo? Waliwavisha baadhi ya bata pete zenye ahadi ya zawadi ya fedha, ambazo hakuna mtu angezificha, kisha wakalinganisha idadi ya pete hizo zilizorudi na idadi ya pete za kawaida. Baada ya kuwekwa namba ya simu isiyolipiwa, na baadaye tovuti, kiwango cha kutoa taarifa kilipanda kupita asilimia 70.

Ombi langu katika uzi huu ni moja. Ukimpata ndege wa namna hii, mtambue aina yake kwa kumtazama ndege mwenyewe, kabla hujaiuliza namba ya pete. Namba na aina ni mashahidi wawili, na mashahidi hawahojiwi katika chumba kimoja. Ukituma namba pekee na ukawa umeisoma 3 kama 8, utaletewa historia ya ndege mwingine kabisa, nawe utaiamini. Lakini ukiwa umeandika kwamba ndege wako ni bata mdogo mwenye mdomo wa samawati, na kumbukumbu zinasema namba ile alivishwa korongo, kosa litaonekana papo hapo.

Msomaji wa Kariobangi

Asante kwa uzi huu, ndugu. Binamu yangu anaishi Minnesota, ambako uwindaji wa bata unaruhusiwa kwa leseni, na wenzake wa kazini walimchukua kuwinda mwezi Oktoba. Alimpiga bata wa rangi ya kahawia mwenye pete, nasi tumepewa picha. Wenzake wanasema ni jike la mallard, mwingine anasema ni yule bata mweusi wa mashariki. Je, kwa picha moja tunaweza kuamua? Na je, pete ni mali yake au anapaswa kuirudisha?

Mlinzi wa Madimbwi

Mwombe akutumie picha ya bawa likiwa limekunjuliwa, upande wa juu. Bata wengi wa jamii hii wana kiraka kinachong'aa kwenye manyoya ya bawa yaliyo karibu na mwili, na kiraka hicho hakidanganyi kirahisi kama yanavyodanganya manyoya ya mwili. Kwa mallard (Anas platyrhynchos), kiraka ni cha buluu kilichopakana na mistari miwili myeupe iliyo wazi, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kwa bata mweusi wa Amerika (Anas rubripes), kiraka huelekea zambarau na ule mstari mweupe wa mbele haupo. Kuna tatizo moja, nalo ni kwamba aina hizi mbili huzaana, na chotara huweza kuwa na mstari wa mbele mwembamba au uliokatika. Picha ikionyesha hivyo, binamu yako asilazimishe jibu, aandike alichokiona.

Huenda mtu akauliza kwa nini wanabishana kuhusu jike badala ya kutazama kichwa cha kijani cha dume. Sababu ni kwamba dume wa mallard hupukutisha manyoya yake ya fahari baada ya msimu wa kuzaliana, akafanana sana na jike kwa muda, na wengine huwa hawajamaliza kubadilika msimu wa kuwinda unapofunguliwa. Hapo rangi ya mdomo husaidia: wa dume ni wa manjano iliyofifia au kijanikijani, wa jike ni wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi.

Bawa lina thamani kubwa mno kwa wataalamu hivi kwamba idara ya wanyamapori ya Marekani huwapa baadhi ya wawindaji bahasha wairudishe na bawa moja la kila bata waliyempata, kisha wataalamu hukusanyika na kuyapanga mabawa hayo kwa aina, jinsia na umri. Kwa bawa tu wanajua kama ndege alikuwa wa mwaka huo au mkubwa, na kwa uwiano huo wanajua kama vifaranga wengi walinusurika.

Kuhusu pete, ataruhusiwa kubaki nayo. Aiandikie taarifa kwenye tovuti ya maabara ya pete ya serikali, iliyoko Maryland, aeleze mahali, tarehe na namna alivyompata ndege, naye atatumiwa cheti kinachoonyesha ni wapi, lini na akiwa na umri gani ndege yule alivishwa pete. Wawindaji wengi wa huko huzifunga pete zao kwenye kamba ya kipenga cha kuitia bata na kuzivaa shingoni kama nishani. Sina neno na fahari hiyo maadamu taarifa imetangulia. Linalonisikitisha ni kwamba zimekuwa bidhaa: watu huuza pete halisi na nyingine za bandia, na wapo wanaomchagua kundini bata mwenye pete wampige yeye. Hesabu ya Lincoln inasimama juu ya dhana kwamba bata mwenye pete hana bahati mbaya kuliko wenzake, na tabia hiyo inaivunja dhana yenyewe.

Mwambie asipuuze hata pete iliyochakaa. Mallard mwenye umri mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za Amerika Kaskazini alivishwa pete Louisiana mwaka 1981 na kupigwa Arkansas mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 27 na ushei.

Mvuvi wa Karagita, Naivasha

Wazee wangu, mimi naomba tuzungumze mambo ya huku kwetu. Sisi hatuwindi bata. Lakini nyavu zetu za samaki huwanasa, hasa usiku, na asubuhi unamkuta amekwisha kufa maji. Jamaa yangu alimkuta mmoja mdogo wa kahawia, mguuni ana pete iliyoandikwa MOSKWA. Aliitupa ziwani kwa kuogopa kwamba akionekana nayo ataambiwa ni mwindaji haramu. Mtu kama huyo afanye nini? Na bata wadogo wa kahawia wako wengi, mtu wa kawaida atawatofautishaje?

Mlinzi wa Madimbwi

Nashukuru sana kwa kulileta jambo hili wazi, kwa maana hapa ndipo Kenya inapotofautiana kabisa na Minnesota. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaweka adhabu kali. Ninaiunga mkono. Hata hivyo, ni lazima tuseme kweli kwamba hofu ya sheria hiyo imefanya pete nyingi zitupwe majini. Huko Marekani anayetoa taarifa ni mwindaji mwenye leseni. Kwetu ni mvuvi, mkulima wa mpunga, mchungaji, au mtoto aliyemwona ndege ukingoni mwa bwawa. Wote hao si wahalifu, na taarifa zao ni chache mno kiasi kwamba kila moja ina uzito.

Ninavyoshauri ni hivi. Mwache ndege pale ulipomkuta, mpige picha akiwa bado kwenye wavu, ili ionekane jinsi alivyonaswa. Kisha piga picha ya pete ukiizungusha polepole, kwa sababu maandishi huuzunguka mguu wote na picha moja haitoshi. Halafu piga picha ya mdomo kwa ubavu, ya bawa lililokunjuliwa, na ya miguu. Usile ndege huyo wala usimpeleke nyumbani. Toa taarifa kwa ofisi ya Huduma ya Wanyamapori iliyo karibu, au kwa kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, kwenye kilima cha Makumbusho. Wataalamu wa makumbusho wanawasiliana na taasisi za nje, na kwa hiyo haijalishi kama pete imeandikwa Moskwa, Museum Paris, Radolfzell, Helsinki au Inform Zoo Pretoria. Kama unatumia intaneti, pete nyingi za Ulaya zinaweza pia kutolewa taarifa kupitia muungano wa vituo vya pete vya Ulaya uitwao EURING, ulioanzishwa mwaka 1963.

Tuje kwa bata wadogo wa kahawia. Anza na mdomo, kisha kichwa, kisha bawa. Rangi ya mwili iache iwe ya mwisho. Mdomo ukiwa mwekundu, utosi wa rangi ya kahawia iliyokoza na shavu jeupejeupe, huyo ni Anas erythrorhyncha, mkazi wa Afrika, na bawani ana kiraka cha rangi ya maziwa ambacho huonekana hata akiruka mbali. Utosi ukiwa mweusimweusi vilevile lakini mdomo ni wa samawati na ndege ni mdogo sana, huyo ni Spatula hottentota, naye ni mkazi. Mdomo ukiwa wa waridi na kichwa kizima ni cha kijivu kilichopauka bila utosi wa giza, ni Anas capensis, apendaye maji ya magadi kama ya Nakuru na Elmenteita. Bata mkubwa zaidi mwenye mdomo wa manjano na doa jeusi katikati yake, ambaye watu wa Nairobi humwona kwenye mabwawa ya mbuga na kule Manguo, Limuru, ni Anas undulata.

Hao wote hawaendi Urusi. Kwa hiyo pete ya Moskwa peke yake inakuelekeza kwa wahamiaji, nao wenye umbo dogo la kahawia kwa kawaida ni wawili. Wa kwanza, na ndiye ningemshuku zaidi kwa Naivasha, ni Spatula querquedula. Karibu bata wote wa aina hii wanaozaliana Ulaya na magharibi mwa Asia huja kukaa Afrika kusini mwa Sahara wakati wa baridi ya kwao. Jike lake lina uso wa mistari: msitari mweupe juu ya jicho, mweusi unaopita jichoni, na chini yake doa jeupe karibu na shina la mdomo. Sehemu ya mbele ya bawa ni ya kijivu, na kwa dume ni ya kijivu cha samawati iliyopauka inayoonekana mara moja. Wa pili ni Anas crecca, mwenye uso usio na mistari mikali, kiraka cha kijani bawani, na ufito mweupe ubavuni mwa mkia. Dume wa Spatula querquedula akiwa na manyoya yake kamili ana nyusi nyeupe pana zisizofanana na za bata mwingine yeyote, lakini hufika kwetu akiwa bado amefanana na jike na huweza kubaki hivyo hadi mwanzo wa mwaka. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kundi zima la Novemba ni la majike. Tazama bawa.

Huyo mwenye mdomo mpana kama mwiko, Spatula clypeata, naye ni mhamiaji, ila sijapata kuona mtu akimkosea akiwa mkononi.

Jamaa yako mwambie kwamba hata sasa taarifa yake ina maana ikiwa kuna picha. Kama namba haikusomwa, basi, lakini mahali na mwezi aliomwona ndege mwenye pete ya Moskwa vinafaa kuandikwa.

Dada wa Ruai

Ninaomba kuongeza kwamba si lazima ndege afe ndipo pete isomwe. Mimi huenda na darubini kando ya madimbwi, na nimefundishwa kwamba baadhi ya bata wa Ulaya huwekewa kitandiko kidogo cha plastiki juu ya mdomo chenye herufi au alama, ili kisomwe kwa mbali. Je, ni kweli kwamba hakimuumizi?

Mlinzi wa Madimbwi

Ni kweli, dada, na nakupongeza kwa kutazama midomo, maana wengi wetu hutazama miguu ambayo bata huificha majini. Vitandiko hivyo hufungwa kupitia matundu ya pua, ambayo kwa bata yametoboka upande hadi upande, kwa hiyo hakuna nyama inayotobolewa. Vimetumika sana Ufaransa, Uhispania na Ureno. Faida yake ni kubwa: pete ya chuma kwa kawaida hutoa taarifa mara moja tu, ndege anapokufa, lakini alama inayosomwa kwa darubini huweza kutoa taarifa nyingi za ndege mmoja angali hai. Ili kuona tofauti, fikirieni kituo cha Tour du Valat katika nyanda za Camargue, Ufaransa, ambacho kati ya 1952 na 1978 kiliwavisha pete karibu Anas crecca 60,000. Kazi ya miaka mingi kiasi hicho ilitegemea kwa sehemu kubwa wawindaji wa Ulaya nzima kurudisha habari za ndege waliokwisha kuuawa.

Ukiona kitandiko, andika rangi yake, herufi za kila upande, na aina ya ndege. Aina hapa ni ya lazima kuliko hata kwenye pete, kwa sababu alama moja huweza kutumika kwa aina mbili tofauti.

Mkulima wa Mwea

Huku kwetu kwenye mpunga walimwona bata aliyechoka akiwa na kijisanduku mgongoni chenye waya mwembamba unaoning'inia nyuma. Vijana wakasema ni kifaa cha kijasusi, wengine wakasema ni bomu, na wakataka kumwua. Mzee mmoja akawazuia. Baadaye aliruka akaenda zake. Kijisanduku hicho ni nini hasa?

Mlinzi wa Madimbwi

Mzee huyo alitenda jambo jema, na ningependa wote wanaolima kando ya mashamba yanayotembelewa na ndege wasikie habari zake.

Kijisanduku hicho ni redio ya kufuatilia ndege, na waya ni antena. Ziko za namna tatu zinazotumika kwa bata. Ya zamani hutoa mlio kwenye masafa maalumu, na mtafiti ni lazima atembee au aruke kwa ndege akiwa na antena yake mkononi ili amtafute. Nyingi za redio hizi zina swichi inayobadilisha kasi ya mlio ndege asipojongea kwa saa kadhaa, ili mtafiti ajue amekufa au redio imedondoka. Ya pili huwasiliana na setilaiti, hivyo ndege huweza kufuatiliwa akivuka Sahara bila mtu kumkaribia. Ya tatu hupata mahali kwa GPS na kutuma habari kwa mtandao wa simu za mkononi, huku ikichajiwa na kipande cha sola mgongoni. Hii ya tatu hukaa kimya ndege akiwa mahali pasipo na mtandao, kisha akirudi penye mtandao humwaga habari zote ilizozihifadhi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosikiliza watu au kupiga picha.

Nayaelewa mashaka ya vijana. Mwaka 2013 nchini Misri, korongo mmoja alikamatwa katika jimbo la Qena na kupelekwa polisi kwa sababu alikuwa na kifaa mgongoni, na mwaka mmoja kabla yake tai alikamatwa Sudan kwa tuhuma za ujasusi. Vifaa vyote viwili vilikuwa vya watafiti wa ndege. Kwetu Kenya tuna mfano ulio bora zaidi. Mwanzoni mwa 2022, wananchi wa kaunti ya Siaya walimwokota tai mla samaki (Pandion haliaetus) aliyedhoofika, mwenye pete ya makumbusho ya Helsinki, na wakawaita maofisa wa wanyamapori. Ndege huyo alikuwa amesafiri karibu kilomita 7,000 kutoka Finland. Alihudumiwa lakini hakupona. Hata hivyo kwa sababu ya watu wale wa Siaya, waliomvisha pete walijua alikofika na alivyoishia.

Mtu akimkuta bata mwenye redio akiwa hai na anaweza kuruka, amwache aende; asikate kamba wala asivute antena. Akiwa hai lakini hawezi kuruka, awekwe ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu, na maofisa waitwe. Asilishwe ugali wala asimwagiwe maji mdomoni. Akiwa amekufa, asishikwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa bata wa porini ni miongoni mwa ndege wanaobeba virusi vya homa ya ndege. Redio yenyewe isifunguliwe. Ina namba au anwani ubavuni, na mara nyingi mwenyewe huitumia tena kwa ndege mwingine, maana ni ghali. Kama ni ya sola, ilazwe juani upande wa sola ukitazama juu, nayo huenda ikamwambia mwenyewe ilipo kabla hata simu yako haijapokelewa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mpunga, siwezi kulipita suala la sumu. Katika mashamba ya Bunyala, magharibi mwa nchi, imeandikwa kwa ushahidi kwamba watu wameua korongo, bata na ndege wengine wa majini kwa kutumia dawa ya kuua wadudu iitwayo carbofuran, kisha wakawauza kama kitoweo. Ndege aliyekufa kando ya shamba bila jeraha, hasa wakiwa wengi pamoja, asiliwe na mtu wala mbwa. Akiwa na pete au redio, taarifa yake ina uzito maradufu, kwa sababu inaonyesha mauti yanayotokea shambani huku yakiwahusu ndege wa nchi nyingine.

Mwalimu wa Biolojia, Lang'ata

Nimefuatilia kwa makini na ninakubaliana na mengi. Lakini uzi huu umewasifu watafiti bila kuwauliza swali gumu. Bata anayebeba mzigo mgongoni hawezi kuwa sawa na bata asiyebeba. Je, safari tunayoiona kwenye ramani ni ya bata, au ni ya bata aliyelemewa?

Mlinzi wa Madimbwi

Mwalimu, swali hilo ni la haki. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba kifaa kisizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Kwa mallard wa kilo moja hiyo ni gramu 30, nayo inawezekana kirahisi. Kwa Spatula querquedula wa gramu 350 ni gramu 10 na nusu pamoja na kamba zake, na hapo nafasi inakuwa finyu. Uzito nao si kila kitu. Kifaa kinachokaa juu ya mgongo hukinzana na upepo, na kamba hubana manyoya na kuruhusu maji kufika kwenye ngozi. Tafiti za mallard huko Amerika Kaskazini zimeonyesha kwamba majike waliofungwa redio za mgongoni walitaga kidogo kuliko wale waliowekewa redio ndani ya tumbo kwa upasuaji. Kwa maoni yangu, redio zinafaa kwa swali lililo wazi ambalo pete haiwezi kulijibu, kwa mfano ndege anasimama wapi kati ya Bahari Nyeusi na Bonde la Ufa, na hazifai kuwekwa ili tu kupata mstari wa kupendeza kwenye ramani. Pete ya alumini haina gharama hiyo kwa ndege, na ndiyo sababu ninaipigania, pamoja na udhaifu wake wa kumtegemea mtu atakayeiona.

Msomaji wa Kariobangi

Binamu ametuma picha ya bawa. Kiraka ni cha buluu, mstari mweupe upo mbele na nyuma, na mdomo ni wa chungwa wenye madoa. Shida ni kwamba tarakimu mbili za mwisho za pete zimesugulika kabisa. Aziandikeje?

Mlinzi wa Madimbwi

Kwa bawa hilo na mdomo huo, ni jike la mallard, na aandike hivyo bila wasiwasi.

Tarakimu zilizofutika asizikisie. Kwanza aisugue pete taratibu kwa kidole chenye unga wa penseli, kisha aitazame kwa mwanga wa kutoka ubavuni. Mara nyingi kina cha herufi hujitokeza. Zisiposomeka, aandike zile anazoziona na aweke alama ya kuuliza mahali pa zile mbili, aambatanishe picha, na awaeleze maabara kwamba yuko tayari kuwatumia pete yenyewe. Wana njia ya kuitia tindikali ili kuzirudisha namba zilizofifia, kisha humrudishia mwenyewe pete yake. Asiitie tindikali nyumbani, na asiinyooshe kwa koleo, kwani alumini iliyochakaa huvunjika.

Kama kuna aliye Nairobi mwenye pete ya zamani kabatini, ya ndege yeyote, aliyoipata kwa baba au babu, ailete makumbusho pamoja na lolote analolikumbuka kuhusu mahali na mwaka. Jumatano asubuhi kuna matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia hapo hapo, na wapo watu watakaofurahi kuisoma pamoja naye.